Kusasisha famwea ya inverta ya zamani ya sola: dalili, chanzo na tiba

Mwongozo huu ni wa inverta-chaja za volti 48 za familia ya Axpert, inayotengenezwa na Voltronic. Mashine hizi dukani zina majina chungu nzima: ganda la nje hubadilika, bodi ya ndani ni ileile. Ndizo zinazoendesha zahanati, visima, maduka na nyumba nyingi ambako nguzo za umeme hazijafika. Wenye inverta za zamani za Victron wana sehemu yao fupi chini.

Famwea ni programu inayoishi ndani ya prosesa ya inverta. Ndiyo inayoamua lini ichaji, lini ikate na lini ipige kelele. Kuibadilisha si kazi ngumu, ila ikikatika katikati inaacha mashine isiyojua ianzie wapi. Kwa hiyo uwe na sababu inayotajika. Sababu za kweli ni chache: unaongeza inverta ya pili sambamba na matoleo hayalingani; chaja ya sola inashuka kwenye float (chaji ndogo ya kuidumisha betri iliyojaa) kabla betri haijajaa, tatizo linalojulikana katika matoleo ya mwanzo; au aliyekuuzia amekupa faili kwa ajili ya kasoro unayoiona wewe mwenyewe. Feni inayounguruma, transista iliyoungua au betri iliyochoka haviponi kwa famwea. Na kama mashine haina poti ya BMS (bodi inayolinda betri ya lithiamu), famwea mpya haitaiotesha.

Yafanywe kabla ya dalili yoyote

Bonyeza kitufe cha juu au chini hadi skrini ionyeshe U1, kisha U2. U1 ni toleo la prosesa kuu. U2 ni la prosesa ya pili. Ziandike zote mbili. Tarakimu kabla ya nukta zinataja aina ya mashine, za baada ya nukta zinataja toleo. Inverta yenye 72.20 inaweza kupokea 72.40. Haipokei 52.30, hata kama ganda na jina la dukani vinafanana.

Ingia kwenye mipangilio, pita namba moja baada ya nyingine na upige picha kila ukurasa. Usiruke. Malalamiko mengi yanayokuja baada ya kusasisha chanzo chake ni mipangilio iliyopotea, na asiyekuwa na picha hubaki kukisia.

Pakua faili mapema na uhifadhi kwenye laptop. Ukianza kazi inverta haitoi umeme, na ruta yako huenda inakula umeme huohuo. Chaji laptop ijae, kisha uifanyie kazi bila chaja. Kama inverta inaendesha friji ya chanjo au mashine ya oksijeni, washa jenereta na uhamishe mizigo hiyo kwanza. Hesabu saa nzima, hata kama kazi yenyewe ni ya dakika chache.

Mpangilio wa umeme wakati wa kuflashi (kupakia famwea mpya) kwa mashine nyingi za aina hii: mizigo yote imezimwa, umeme wa gridi au jenereta umekatwa kwenye brekari ya kuingilia, paneli zimekatwa kwenye swichi ya DC, betri peke yake ndiyo imeunganishwa. Karatasi iliyokuja na faili ikisema tofauti, fuata karatasi. Kuzima kitufe cha inverta pekee hakutoshi, kwa sababu jua linaiamsha bodi kupitia paneli.

Dalili: laptop haioni adapta ya USB

Famwea ya mashine hizi hupita kwenye poti ya RS232, ile yenye umbo la soketi ya mtandao. Poti ya USB ya inverta ni ya kufuatilia tu katika nyingi ya mashine hizi. Laptop za sasa hazina RS232, ndiyo maana adapta inahitajika, na hapo ndipo kazi nyingi hukwama.

Chanzo cha kawaida kabisa ni draiva. Fungua Device Manager, angalia sehemu ya Ports. Ukiona alama ya njano na Code 10, au maneno "PL2303HXA PHASED OUT SINCE 2012", una chipu ya Prolific ya kizamani au ya kughushi ambayo draiva mpya inaikataa. Watu hurudisha draiva ya zamani na ikafanya kazi. Kwa kufuatilia tu inverta sina neno. Kwa kuflashi, nunua adapta nyingine. Zenye chipu halisi ya FTDI ndizo zinazosumbua kidogo zaidi. CH340 zinafaa pia zikiwa na draiva yake.

Cha pili ni namba ya poti. Programu za kuflashi za zamani huorodhesha COM chache za mwanzo tu. Adapta ikipewa COM14 haionekani. Kwenye Device Manager ingia Properties, Port Settings, Advanced, uipe namba kati ya COM2 na COM8 ambayo haitumiki.

Cha mwisho, kisicho cha mara kwa mara: soketi ya USB ya laptop imelegea. Jaribu nyingine, na usipitie kwenye habu.

Dalili: poti ipo, lakini programu haiioni inverta

Hapa pana vyanzo vingi, kwa hiyo fuata mpangilio.

*Programu nyingine imeshika poti.* Programu ya kufuatilia inverta, WatchPower au SolarPower, ikiwa wazi, hata imejificha pembeni karibu na saa ya kompyuta, COM ni yake. Ifunge kabisa. Kijiti cha Wi-Fi kilichochomekwa kwenye RS232 nacho kitolewe.

*Kebo si yenyewe.* Kebo ya kawaida ya intaneti kati ya inverta na soketi ya LAN ya laptop haifanyi kazi, na usiichomeke: umbo ni lilelile, umeme wake ni tofauti kabisa. Unahitaji RJ45 (plagi ya umbo la mtandao) upande wa inverta na DB9 (plagi ya pini tisa) upande wa adapta. Katika nyingi ya Axpert za zamani, nyaya ni tatu tu:

- RJ45 pini 1 kwenda DB9 pini 2
- RJ45 pini 2 kwenda DB9 pini 3
- RJ45 pini 8 kwenda DB9 pini 5

Kuhesabu pini, shika plagi klipu ikiwa nyuma, kebo ikining'inia chini, meno ya shaba yakikutazama. Pini 1 iko kushoto. Kebo iliyofungwa kwa mpangilio wa T568B itakuwa na nyeupe-chungwa kwenye 1, chungwa kwenye 2 na kahawia kwenye 8. Linganisha na kitabu cha mashine yako, kisha pima kwa multimita waya mmoja mmoja. Nyaya nyingine tano ziache zimekatwa na kufunikwa, maana baadhi ya mashine hutoa umeme kwenye pini hizo.

*Adapta ni ya TTL.* Vipande vidogo vya bodi vinavyouzwa kwa wanaocheza na Arduino vina volti 3.3 au 5 na havina DB9. Hivyo si RS232 na vinaweza kuungua. Ili kuthibitisha, weka multimita kwenye volti za DC, kebo ikiwa imechomekwa kwenye inverta iliyo hai, waya mweusi kwenye pini 5 ya DB9 (ndiyo pini 8 ya RJ45) na mwekundu kwenye pini 2 (ndiyo pini 1 ya RJ45). RS232 iliyotulia husoma volti hasi, kati ya −3 na −15. Ukipata sifuri, kebo imekatika, inverta imelala au umehesabu pini kwa kinyume.

*Adapta yenyewe ni mbovu.* Chomoa kebo ya inverta, unganisha pini 2 na 3 za DB9 kwa kipande cha waya, fungua programu ya PuTTY kwenye COM hiyo ukiweka Flow control kuwa None, kisha andika herufi. Zikirudi kwenye skrini, adapta ni nzima. Zisiporudi, usipoteze muda na inverta.

*Kuzungumza na inverta moja kwa moja.* Kipimo hiki ndicho kinachomaliza ubishi. Tumia programu ya RealTerm, kasi 2400, biti 8, bila pariti, stopu 1. Tuma kwa heksi:

51 50 49 BE AC 0D

Hiyo ni amri QPI, inayoiuliza inverta inatumia lugha gani ya mawasiliano, pamoja na hesabu yake ya ukaguzi. Inverta nzima ya familia hii hujibu kwa maneno yanayoanza na (PI30. Ukipata jibu, kebo, adapta na poti viko sawa, na tatizo liko kwenye programu ya kuflashi: iendeshe kwa haki za msimamizi, au kizuia virusi kimeifungia. Ukipata takataka, angalia kasi. Kimya kitupu huku adapta imepita kipimo kinaelekeza kwenye kebo au kwenye chipu ya RS232 ndani ya inverta. Chipu hiyo hufa kwa radi au kwa mtu aliyewahi kuchomeka kitu kisicho chake. Kuibadilisha ni kazi ya fundi wa bodi.

Kumbuka: inverta iliyokwisha kufutwa famwea haitajibu QPI. Kwa hiyo fanya kipimo hiki kabla, si baada.

Dalili: inaanza kisha inakwama njiani

Usichomoe chochote kwa haraka. Subiri dakika 10 ukiangalia kama mstari wa maendeleo unasogea. Programu hizi hupeleka data polepole, na wengi walioharibu mashine walidhani imeganda.

Ikiwa imekwama kweli, mara nyingi laptop imelala au imezima USB ili kuokoa chaji. Nenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, zuia kulala, zima USB selective suspend. Zima na masasisho ya Windows.

Kinachofuata ni kebo ndefu au adapta dhaifu. Mita 2 zinatosha. Usitumie kebo ya mita 15 iliyopita juu ya dari sambamba na nyaya za AC. Kwa adapta ya FTDI, punguza Latency Timer kutoka 16 hadi 1 kwenye ukurasa uleule wa Advanced.

Kisha betri. Betri nne za risasi za volti 12 zilizotulia zinapaswa kutoa angalau volti 50 kwa jumla kabla ya kuanza. Pima na kila moja peke yake: ikiwa moja iko chini ya wenzake kwa nusu volti au zaidi, itaporomoka wakati usioutaka. Betri ya lithiamu ya seli 16 iwe volti 52 au zaidi. Angalia na nati za vituo vya betri, pale waya zinapofungwa: kituo kilicholegea hutoa volti nzuri kwenye multimita, kisha hukata mara mkondo unapopita.

Ukirekebisha chanzo, rudia kuflashi kwa faili ileile. Usijaribu faili nyingine ili "kuona kama itakubali".

Dalili: imemaliza au imekatika, na sasa skrini ni giza

Usikate tamaa mapema. Sehemu ndogo ya prosesa inayopokea famwea kwa kawaida haifutwi, ndiyo maana mashine nyingi zilizoonekana kufa hufufuka kwa kuflashi upya.

1. Zima kitufe cha inverta. Hakikisha paneli na umeme wa kuingia bado vimekatwa.
2. Kata betri kwenye brekari yake. Subiri dakika 10.
3. Fungua programu ya kuflashi, chagua faili sahihi na COM, iache ikisubiri.
4. Rudisha betri. Kama huna brekari na unagusisha waya, kapasita tupu zitavuta mkondo mkubwa na kutoa cheche. Pitisha kwanza kwa rezista ya ohm 30 ya wati 25 kwa sekunde 5, kisha gusisha waya wenyewe na uondoe rezista.
5. Washa kitufe cha inverta na uangalie kama programu inaanza kupeleka.

Jaribu hadi mara tatu, ukibadilisha adapta au laptop kila mara. Isipokubali, chanzo kinachobaki ni faili ya aina nyingine ya bodi, au mashine ni nakala ya kughushi yenye prosesa tofauti ndani ya ganda linalofanana. Hapo simama. Kinachofuata ni kuandika prosesa moja kwa moja kwa kifaa cha fundi, na ndani ya ganda kuna njia ya umeme yenye mamia ya volti za DC ambazo hukaa kwenye kapasita hata baada ya kukata kila kitu. Umeme huo unaua. Asiyejua kuipima na kuitoa asifungue skrubu hata moja.

Skrini giza lakini umeme unatoka kwenye soketi ni habari tofauti: famwea inafanya kazi na tatizo ni utepe wa skrini au skrini yenyewe.

Dalili: inawaka, lakini inaandika namba ya hitilafu

*71.* Inverta zilizo sambamba hazina toleo moja. Haiondoki kwa kuzima na kuwasha. Angalia U1 ya kila moja na uzisasishe zote, moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa peke yake. Usiache moja "kwa sababu inafanya kazi vizuri".

*86.* Mpangilio wa sambamba wa mashine moja umerudi kwenye hali ya kiwandani. Zima zote, panga upya kila moja, kisha washa.

*03 au 08, hasa mchana jua likiwa kali.* Volti ya betri au ya njia ya ndani imepanda. Watu huilaumu famwea mpya, lakini soma sehemu inayofuata kwanza: kwa wenye lithiamu karibu kila mara ni mipangilio.

*04.* Betri imeshuka wakati wa kazi. Ichaji.

*56.* Inverta haioni betri. Angalia brekari, kisha vituo. Vyote vikiwa sawa, fyuzi ya ndani imeungua, na fyuzi hiyo haiungui bila sababu. Ipeleke kwa fundi.

*09 au 53.* Mashine imeshindwa kuanza taratibu. Ondoa mizigo yote, jaribu mara moja tu. Ikirudi, usiendelee kuwasha: kuna kijenzi cha nguvu kilichokufa, na kila jaribio linaweza kuua vingine. Mara nyingi kilikuwa hoi tangu awali, na kuzima na kuwasha ndiko kulikokimaliza.

*57.* Kihisi cha mkondo. Kata kila kitu, subiri, washa tena. Ikirudi ni ya fundi.

Dalili: hakuna hitilafu, lakini inachaji vibaya

Hapa ndipo betri huharibika kimyakimya, na ndipo ninapoomba uchukue muda wako.

Baada ya kusasisha, mipangilio inaweza kurudi kiwandani: namba 05 (aina ya betri) inakuwa AGM, yaani betri ya risasi iliyozibwa, volti ya kujaza 56.4, float 54.0, ya kukata 42.0. Kwa betri ya AGM hiyo si mbaya. Kwa lithiamu ya seli 15, kama Pylontech za US2000 na US3000, volti 56.4 ni 3.76 kwa kila seli, wakati betri hiyo inatakiwa kujazwa kwa karibu 53.2. BMS itajilinda kwa kukata. Inapokata jua likiwa juu, mkondo wa paneli unakosa pa kwenda, volti inaruka ghafla na inverta inaandika 03 au 08. Usiku hakuna tatizo, kesho saa 5 asubuhi linarudi. Ukiona mwendo huo, usitafute famwea nyingine. Weka namba 05 kuwa USE (unapanga mwenyewe), kisha panga 26, 27 na 29 (kujaza, float na kukata) kwa namba za kitabu cha betri.

Angalia na namba 02, mkondo wa juu wa kuchaji, ambao kiwandani mara nyingi ni ampea 60. Betri za risasi za Ah 100 zinataka ampea 10 hadi 20. Ukiacha 60 zitachemka na kukauka. Namba 11 ni mkondo wa kuchaji kwa umeme wa kuingia: usiporekebisha, jenereta ndogo italemewa na utadhani imeharibika. Namba 01 ikirudi USB (hapa si poti, ni kifupi cha Utility-Solar-Battery), mashine itatanguliza umeme wa kuingia badala ya jua, na mwenye jenereta ataliona hilo kwenye mafuta. Namba 12 na 13 ndizo zinazoamua lini ihame betri na lini irudi.

Washa mizigo baada ya kupanga, si kabla. Unaporudisha umeme, betri kwanza, paneli baadaye.

Kwa wenye Victron MultiPlus au Quattro za zamani

Namba ya famwea ya VE.Bus (mawasiliano ya mashine za Victron) ina tarakimu 7. Zikianza na 19 au 20, prosesa ni ya kizamani na haitapokea famwea za 26 au 27. Hakuna ujanja wa kuizunguka. Unahitaji kifaa cha MK3-USB cha kuiunganisha na kompyuta. Kusasisha kunafuta mipangilio yote pamoja na visaidizi (Assistants) vilivyowekwa, hivyo hifadhi faili ya mipangilio kwanza na uandike pembeni volti za kuchaji. Mashine zilizo sambamba au za fezi tatu lazima zote ziwe na toleo moja.

Wakati wa kusimama na kumwita fundi

Harufu ya kuungua, mlipuko mdogo au moshi. Brekari ya betri inayoruka kila unapoirudisha. Kapasita iliyovimba au majimaji chini ya ganda. Hitilafu 09, 53 au 57 inayorudi. Ganda linalokupiga shoti. Betri inayopata joto wakati hakuna kinachoichaji. Katika hali yoyote kati ya hizi kata paneli kwanza, kisha umeme wa kuingia, kisha betri, na usiwashe tena. Fundi utakayemwita mpe namba za U1 na U2 za awali, jina kamili la faili uliyotumia, picha za mipangilio na hatua ambayo kazi ilikwamia.